Kifungo cha Mbuzi Mmoja

Mwaka wa njaa, mume wangu alichinja mbuzi wa kijiji. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa huko Handeni, na watoto walikuwa wamelala bila kula. Alikamatwa nyama ikiwa bado jikoni kwangu.

Kwenye mkutano watu walibishana kwa nini aadhibiwe. Mwenyekiti alisema aliyekula cha wenzake lazima naye aonje uchungu. Balozi wetu wa nyumba kumi akataka afungwe ili wengine waogope. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima akasema, "Jela imrekebishe, kisha arudi awe mwenzetu." Wote walimpigia makofi.

Mahakama ilimfunga. Nikifika kisimani, mazungumzo yalikatika. Shambani nililima bila mtu wa kunisemesha, nikijifariji kwa maneno ya yule mwalimu.

Mume wangu alirudi amekonda, lakini amejifunza useremala. Kulipokucha alikwenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aligeuka, akaingia ndani. Jioni mume wangu aliniuliza, "Hivi kifungo changu kimekwisha au bado?"

Tulihamia Kerenge, kwa dada yangu, ambako hakuna aliyejua habari zetu. Mume wangu alitengeneza milango na vitanda, akapata wateja wengi. Lakini mtu akibisha hodi, alinitazama mimi kwanza ndipo aitikie, na mpaka anafariki hakuwahi kuketi barazani na majirani. Walidhani ana maringo.