Kazi ya Mama Kwenye Fomu

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya pasipoti hapa Eldoret, wa pili kwa foleni, kwa hivyo hiki kisa sikuambiwa na mtu. Mbele yangu alisimama mama mmoja mshairi. Tamthilia yake inaigizwa Lusaka, na bila pasipoti angeisikia tu kwa simu.

Karani akaigonga fomu kwa kalamu. "Mama, mshairi si kazi. Hata mimi huimba bafuni, na sijaandika mwanamuziki."

"Nimeandika mashairi na michezo ya kuigiza miaka thelathini, msichana wangu. Siwezi kudanganya serikali."

"Basi lete barua ya mwajiri."

Mama akaanza kuikunja fomu.

Ghafla soja wa mlangoni akavua kofia, akapanua kifua, akanguruma: "Mahindi yangu yanazeeka stoo, na mnunuzi bado anapuliza chai!"

Foleni yote ikageuka.

"Niliigiza Chifu Mlafi darasa la saba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Mchezo ni wa huyu mama. Tulifika mpaka mashindano ya mkoa!"

Nikapiga makofi wa kwanza, andikeni hivyo. Karani akacheka, akagonga muhuri.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandika MWANDISHI MASHUHURI, kwa herufi kubwa. Karani akamtazama soja. Soja akatazama dari.

Wapenzi wasomaji, serikali sasa inanijua kama mkulima wa viazi.