Saba ya Dhahabu ya Mzee Eleuterio

Mzee Eleuterio Barzola alipopatwa na kiharusi mwezi Machi, upande wake wa kulia ulikufa ganzi, ulimi ukawa mzito, na mdomo ukavutika kushoto usirudi tena. Kwa miaka arobaini watu wa Chivilcoy, mji mdogo wa Argentina, walikuwa wakimpelekea rejeta za magari zilizovuja. Sasa bintiye Nidia ndiye aliyemnyanyua kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi bafuni, na katikati ya safari hizo akashona sare za shule. Mwezi Agosti mgongo wake ulikataa. Daktari hakuzunguka: akiendelea kumnyanyua baba yake, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.

Ndipo Nidia alipoanza kutafuta makao ya wazee. Alijiwekea sharti moja, nalo alimwambia mdogo wake Horacio tu: mzee asipokubali kwa hiari yake, hatampeleka. Tangu Machi mzee alijibu kwa kiganja cha kushoto. Pigo moja ndiyo, mawili hapana. Kucheka, hakucheka hata siku moja.

"Na akikataa kote?" Horacio aliuliza kwa simu kutoka Neuquén.

"Utakuja kumbeba wewe."

"Dada, mimi nina ngiri."

"Basi omba akubali."

Makao ya kwanza yalikuwa na sakafu ya kung'aa na bustani ya waridi. Msimamizi alizungumza na Nidia peke yake, maneno yakipita juu ya kichwa cha mzee kana kwamba kiti cha magurudumu kilikuwa kitupu. Alipolazimika kumwangalia, aliangalia vifungo vya shati. "Hapa hatasumbuliwa na mtu," alisema. Mzee akapiga mkono wa kiti mara mbili. Bei nayo ilikuwa imekwisha kukataa kabla yake.

Ya pili yalikuwa nyumba kuukuu nyuma ya stesheni, mali ya Zulema, muuguzi mstaafu. Nidia alikagua kila kitu kwa utaratibu: kibali ukutani, vyuma vya kushikilia bafuni, kabati la dawa na ufunguo wake, jina la anayekesha. Zulema alijibu lililoulizwa, hakuongeza chumvi. Kisha aliinama mbele ya kiti.

"Don Eleuterio, wewe hulalia ubavu gani?"

Akasubiri mpaka kiganja kikaonyesha.

Kuhusu malipo walielewana upesi. Pensheni ya mzee ingelipa nusu ya ada. Karakana, iliyofungwa tangu Machi, ingepangishwa. Pengo lililobaki lingezibwa na Horacio. Kwa kuwa bei za nchi hii hazikai mahali pamoja, ada ingepangwa upya kila miezi mitatu. Nidia aliomba jambo hilo liandikwe, na likaandikwa.

Lakini mzee mwenyewe alikuwa hajapiga kiganja.

Katika chumba cha kulia wazee watatu walikuwa wamekaa na karata za truco, wakimngoja wa nne aliyepelekwa kwa daktari wa meno. Katika mchezo huo wenza huambiana siri kwa uso. Ukiinua nyusi, unayo moja ya upanga, karata kubwa kuliko zote. Ukiuma mdomo, unayo tatu. Ukivuta mdomo kushoto, unayo saba ya dhahabu, inayoishinda hata tatu. Kudanganya kunaruhusiwa, na asiyejua kudanganya hualikwa mara moja tu.

"Mleteni huyo," alisema Bi Porota, ajuza wa miaka tisini na moja aliyepaka midomo rangi nyekundu.

"Baba hajacheza tangu augue," Nidia alieleza.

"Nimekuuliza wewe, mwanangu?"

Zulema alileta kibao chenye mfereji wa kusimamishia karata, akakiweka mbele ya mzee. Porota akamchungulia usoni mwenzake mpya.

"Haya. Mwenzangu ana saba ya dhahabu."

Hakuwa nayo. Karata zilipogawanywa mara ya pili, Porota akasema, "Bado anayo." Mara ya tatu Anselmo, mpinzani wao, aliweka kikombe chini.

"Huyu bwana ana saba ya dhahabu tangu azaliwe?"

"Tangu Machi," Nidia alisema, na mara akatamani ayameze maneno yake.

Wote wakamgeukia mzee. Kisha kifuani mwa mzee ikatoka sauti kama rejeta iliyotoboka, mabega yakatikisika. Nidia alikimbilia glasi ya maji. Zulema akamshika mkono.

"Mwache. Anacheka."

Mzunguko wa mwisho Anselmo alibamiza tatu mezani, akatangaza truco, yaani dau lipande. Mzee akapiga meza pigo moja: amekubali.

"Kwa mdomo huo? Nani atakuamini?" Anselmo alisema.

Mzee akachomoa karata kwenye kibao, akaiteremsha polepole. Ilikuwa saba ya dhahabu.

"Lakini alikwambia," Porota alisema akikusanya karata. "Tangu saa nne anakwambia."

Nidia aliinama kando ya kiti. "Baba, ungependa kukaa hapa?"

Kiganja kikagonga meza mara moja. Kisha kikamsukuma begani, maana karata zilikuwa zinagawanywa na yeye alikuwa amekinga mwanga.

Barabarani aliketi kwenye ukingo wa maua, mkataba magotini, akampigia Horacio.

"Amekubali?"

"Amenifukuza," Nidia alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani.