Neno ambalo Anti Nyange hakulijibu redioni

Mpaka sasa hivi akili inakataa. Nyange amefariki. Nimeandika hilo neno, nimelifuta, nimeliandika tena.

Wengi mlimfahamu kama Anti Nyange wa kipindi cha watoto, Jumamosi asubuhi, yule aliyewaelezea wanenu maana za maneno ya Kiingereza. Mimi nilikuwa producer wake. Yeye na mic, mimi upande wa pili wa kioo napokea simu zenu.

Juzi mchana alisema kichwa kinamgonga. Nikamwambia nenda nyumbani Kirumba ukapumzike. Jioni dada yake akanipigia, na kabla hajasema kitu nikasikia watu wanalia nyuma yake. Presha.

Jamani, Nyange!

Hakupenda kutafsiri tu. Mtoto akiuliza "slippery" ni nini, anamwambia, "Mama akiosha sato leo, mwombe umshike mkia. Akikuponyoka, hiyo ndiyo slippery." Wiki iliyofuata akina mama walipiga simu kulalamika samaki wao wameanguka mchangani. Alicheka mpaka nikamzimia mic.

Kuna mtoto wa Igoma alimuuliza, "Anti, fresh si ni poa?" Akamjibu, "Mtaani ndiyo. Ila muuzaji wa soko la Mwaloni akikwambia samaki huyu fresh, hakusalimii. Anasema ametoka ziwani leo."

Kwa neno "quiet" alitaka nyumba nzima inyamaze, halafu mtoto aseme bado anasikia nini. Yule mtoto akasema, "Namsikia bibi anapumua." Sijasahau.

Ila leo nataka niwasimulie ya Kabula. Sio jina lake la kweli, na mama yake ameniruhusu.

Simu ilitoka ng'ambo ya ziwa, Kamanga. Sauti ndogo, darasa la pili hivi.

"Anti shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea neno gani?"

"Late."

"Aah, hilo si unalijua?"

"Late ni kuchelewa. Lakini mwalimu alimwambia mwenzake 'her late father', halafu wakaniangalia. Anti, baba yangu amechelewa wapi?"

"Late father", yaani marehemu baba. Mkono wangu ulikimbilia kitufe cha jingle. Nyange akaninyooshea kiganja kwenye kioo: usiguse. Akakaa kimya. Ile tunaita dead air, na producer anaiogopa kuliko umeme kukatika.

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, mama yupo?"

"Yupo nje anafua."

"Neno lako lina jibu, ila sio la kupewa redioni. Usikate simu, kaka wa hapa studio ataongea na mama. Mimi nakuja."

Nikaweka wimbo, nikaongea na mama. Alilia kabla sijamaliza salamu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, alipata ajali njia ya Kahama, akazikwa kwao Shinyanga. Mtoto wakati ule alikuwa anaumwa, akaachwa kwa jirani. Tangu hapo akiuliza, anaambiwa baba amesafiri. "Kila nikitaka kumwambia, mdomo unagoma," alisema.

Bosi alitusubiri mlangoni. "Kimya chote kile hewani, mnanifanyia makusudi?"

"Nisamehe bosi," Nyange akamwambia. "Ningefungua mdomo pale, ama namdanganya mtoto, ama namvua nguo mama yake mbele ya mji mzima." Akachukua pochi yake. Mchana huohuo tukapanda kivuko.

Nilidhani Nyange atamwambia mtoto yeye mwenyewe. Si ndiyo kazi yake, kueleza? Wala. Alikaa chini jikoni karibu na yule mama, akamwambia, "Dada, mimi kwake ni sauti ya redioni. Wewe ndiye mama. Sema, mimi nimekushika mkono."

Mama akasema kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha kuombea maji tu, lakini uso wa yule mtoto niliuelewa.

Hakulia mwanzoni. Alimgeukia Nyange. "Kwa hiyo haji?"

"Haji, mwanangu."

"Hata kazi ikiisha?"

"Hata kazi ikiisha."

Hapo ndipo alipolia. Mama yake akamvuta kifuani wakalia pamoja, kwa sauti, majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja kama msiba ni wa siku hiyo. Na kweli ulikuwa wa siku hiyo. Nyange akaanza kupika ugali.

Kwenye kivuko tukirudi alijifunika kitenge usoni. Nikamuuliza, umefanya vizuri, unalia nini? Akasema, "Yule mama amebeba msiba peke yake muda wote huu, huku anatabasamu. Wewe ungeweza?"

Likizo ilipofika mama alimpeleka Kabula Shinyanga, akaliona kaburi. Aliweka maua, akamsimulia baba yake habari za shule. Nyange aliendelea kwenda Kamanga kila alipopata nafasi, na hewani hakuwahi kuigusa habari ile. Wasikilizaji walipomuuliza alisema, "Tulimalizana na mwenyewe," basi, simu inayofuata.

Nyange, jana pale msibani kwako shangazi mmoja alishauri Baraka, mwanao, aambiwe mama amekwenda semina Dodoma. Eti bado ni mdogo, ataamini. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana wote tumechoka na hakuna anayetaka kuanza kumweleza.

Dada yako akasimama. Akamshika Baraka mkono, wakaenda kukaa chumbani kwako, akaniita na mimi niingie.

Kwa hiyo mwanao anajua, Nyange. Alilia sana. Amelala asubuhi hii mgongoni kwa dada yako, na akiamka atatukuta.

Kesho tunakupeleka kwenu Majita. Pumzika sasa, mama Baraka. Lala salama, rafiki yangu, usiwe na wasiwasi na huku.