Sala Isiyo na Amina

Mchungaji Nathan alikuja kijijini kwetu na baiskeli, sanduku la bati, na kofia ya kitambaa ambayo akikaa anaivua na kuipakata gotini kama mtoto. Alitokea Bunda, kule Manyamanyama, ambako zamani alikuwaga mpima pamba kabla ya kuitwa kwenye uchungaji. Mke hakuwa naye, alishafariki. Sisi wanawake wa kuanika dagaa tulijua hivyo kabla hatujaambiwa, maana kola ya shati lake ilikuwa imeshonwa na mkono usiojua sindano.

Kijiji chetu kinatazamana na kisiwa cha Rukuba. Mchana jua likiwa kali kisiwa kinaelea. Ukikitazama sana unaona kama kinakuja, halafu ukipepesa macho kimerudi mahali pake. Mwaka huo nilikuwa na mimba ya pili, na mimi nikiwa na mimba nasinzia nikiwa macho. Mengi ya ninayoandika hapa niliyaona kama mtu anayetazama chini ya maji.

Wiki yake ya kwanza mtumbwi ulizama ukitoka Rukuba. Wakafa watu wanne, naye akawaombea wote wanne pale mchangani. Ndivyo tulivyoanza kumjua, kwa makaburi. Baada ya hapo ikawa mazoea. Mtu akiugua tunampeleka zahanati, tunampeleka kwa mganga wa mizizi, tunamrudisha, tunampikia uji, tunangoja. Akianza kutotambua watu, hapo ndipo mmoja anasema, "Kamwiteni Mchungaji." Anakuja, mnyororo wa baiskeli unalia kwii kwii, anapiga magoti, anaomba, anasema amina. Kesho yake tunachimba kaburi.

Haikuchukua muda watu wakajumlisha. Aliyejumlisha kwa sauti alikuwa mama mkwe wangu, Nyamburi. Ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka Musoma sokoni. Alimpa jina, akamwita Mzee wa Amina, na jina likakaa.

"Baiskeli hiyo inakuja," alisema siku moja tukigeuza dagaa. "Mwenye kikohozi akimeze."

"Mimi nina jino tu, mama," akasema Hilda, jirani yetu.

"Jino nalo lina amina yake. Funga mdomo."

Tukacheka. Mchungaji akafika, akashuka, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mchungaji. Sisi huku tuko wazima wote. Pita salama."

Akatabasamu, akapita. Nilimwangalia mgongo. Nilijua amesikia.

Halafu surua ikaingia, ikamchukua binti wa Werema, mtoto wa miaka sita. Mchungaji alikuwa ameitwa asubuhi ile, mtoto akafa kabla ya saa sita. Werema si mtu mbaya. Chrispin, mume wangu, alipochanwa mguu na kamba ya wavu akivua kule Rukuba, Werema ndiye aliyembeba mgongoni kutoka mtumbwini mpaka barabarani. Lakini huzuni ikikosa pa kukaa inatafuta mtu. Alikata matawi ya mgunga yenye miiba, akayalaza kwenye njia ya kwa Mchungaji, akawaambia wote wanaosikia: hapo asiingie mtu kumsalimia. Watu wakakubali. Mawe yakarushwa juu ya bati lake mchana kweupe. Mchungaji hakuyaondoa yale matawi. Kila asubuhi aliinua baiskeli begani, akapita juu yake taratibu, akikunja suruali isinase.

Siku wazee wa kanisa walipomwita, mimi nilikuwa nafagia kanisani, wakanisahau. Mzee mmoja akamwambia, "Mchungaji, wewe hubiri. Batiza. Lakini kwa mgonjwa usiende tena, watu wanaogopa, kanisa litabaki tupu."

"Na wakiniita?"

"Hawatakuita."

Akatazama kofia yake. Akasema sawa. Tangu siku hiyo alikonda. Mtu aliyezoea kwenda kwa wagonjwa ukimfungia njia ni kama umemfungia pumzi.

Mwezi uliofuata Nyamburi akaugua yeye mwenyewe. Tumbo lilijaa, miguu ikaisha. Hospitalini Musoma walimpima, wakatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani na dawa ya maumivu, tukae naye. Kitanda chake tulikiweka chini ya dirisha. Ng'ambo ya njia kuna mwamba mpana tunaoanikia muhogo, na nyuma ya mwamba ni ziwa.

"Mzee wa Amina asikanyage hapa," aliniambia jioni ile ile. "Mimi bado nipo."

Hakukanyaga. Ila kesho yake saa tisa alikuja akakaa juu ya ule mwamba, kofia gotini. Alikaa mpaka jua likapungua, akaenda zake. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu Nyamburi akanishika mkono. "Yule bado yupo?"

"Yupo, mama."

"Kamwambie aondoke. Amenikalia kama kunguru kwenye dagaa."

Nikaenda. Mwamba ulikuwa wa moto, nikasimama kwenye kivuli changu mwenyewe.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Mama Lilian. Mama ameamkaje?"

"Anasema uondoke."

"Sawa." Hakuondoka. Alichukua kipande cha muhogo, akakigeuza upande wenye unyevu ukae juu, kama mtu wa nyumbani.

"Unamwombea nini ukiwa hapa?"

"Siombi. Nimekatazwa kwenda kwa mgonjwa. Kukaa kwenye mwamba sijakatazwa." Akageuza kingine. "Mke wangu alifia Bunda. Mimi nilikuwa Butiama kwenye semina. Siku nzima aliuliza, Nathan amefika? Wakawa wanamwambia yuko njiani. Sikuwa njiani, mwanangu. Nilikuwa nimekaa nakula wali. Ndiyo maana naendaga kwa wagonjwa. Si kwamba nazuia kitu. Sitaki tu mtu aulize halafu ajibiwe uongo."

"Lakini wanakufa, Mchungaji."

"Mnaniita chungu kikiwa kimeshaungua, halafu mnasema mpishi ndiye kakiunguza."

Maneno hayo niliyabeba mpaka kitandani, nikayasema kama yalivyo, maana sikujua kuyapunguza. Nyamburi alifumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe anacheka, na kicheko kinamuumiza tumbo.

"Chungu ndiyo mimi?"

Asubuhi akasema, "Mwite. Lakini asiseme amina. Siku akiisema namfukuza kwa nguvu zangu zilizobaki."

"Na wazee wa kanisa je?"

"Wazee wa kanisa wanaumwa tumbo hili? Mwite."

Alikuja na hakujua kofia aiweke wapi. Nilimpa kigoda. Akaanza polepole: "Baba, tupo hapa. Nyamburi yupo, mimi nipo, mkamwana wake yupo, na aliye tumboni yupo. Unatuona." Akamshukuru Mungu kwa ziwa, kwa muhogo uliokauka, kwa ulimi wa mama huyu ambao haujawahi kulala. Halafu akanyamaza. Tulingoja, kwa mazoea. Hakusema. Akachukua kofia, akaenda. Chumba kikabaki kama nyumba ambayo mtu ametoka na mlango hakuurudishia, upepo unaingia, hujui kama anarudi.

Kesho yake akaanza, "Baba, tulipoishia jana."

Ikawa hivyo kila siku, saa tisa. Sala moja ndefu isiyofungwa. Nyamburi alianza kuisahihisha. "Jana uliruka ng'ombe wangu," anasema. Au, "Mtajie Chrispin, yuko majini." Mwezi ulipokuwa mkubwa na uvuvi wa taa ukasimama, Chrispin alirudi, akasikiliza akiwa mlangoni. Giza liliporudi akaenda tena Rukuba. Majirani nao wakaanza kusogea, kwanza Hilda, akisingizia kuazima ungo, halafu wengine dirishani. Wazee wa kanisa walisikia. Mmoja wao alifika kukemea, akakuta mama anacheka, akakaa.

Siku ya tisa Nyamburi akasema, "Mtajie na Werema. Yule binti yake alikuwaga ananiletea mayai ya kanga. Anayabeba kwenye gauni, mengine yanavunjika, analia."

Mchungaji akamtaja mtoto, kwa jina lake, na mayai yake. Niliinua macho. Werema alikuwa nje ya uzio wa minyaa, ametupa mgongo, anatazama ziwa. Alikaa pale mpaka sala iliponyamaza. Hakuingia.

Siku moja Nyamburi aliuliza, "Na kule ninakoenda, wewe unakujua?"

"Sikujui, mama."

"Sasa unahubirigi nini?"

"Namjua mwenye mji. Ukifika kwenye mji wa ugenini na giza limeingia, huanzi kutafuta mlango. Unaita mwenye mji, naye anakujua sauti."

Mama mkwe alifikiri. "Sauti yangu ataijua," akasema.

Siku ya kumi na tisa Mchungaji aliitwa Bunda kwenye kikao cha kanisa. Hakutaka kwenda. Alisimama mlangoni akikunja kofia, akikunjua.

"Nenda," Nyamburi akamwambia. "Sijaondoka."

Akapanda basi la asubuhi. Mchana ule ziwa lilikuwa jeupe na halina wimbi. Wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda upande wa Rukuba kama moshi wa nyumba inayopika, wakasimama hewani, kisiwa kikapotea ndani yao. Lilian, mwanangu wa kwanza, alikuwa amelala sakafuni kwenye ubaridi. Saa tisa ikafika. Nikaijua kwa kivuli cha dirisha.

"Mchungaji amefika?" Nyamburi akauliza.

Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema yuko njiani. Nikaukamata.

"Hajafika, mama. Yuko Bunda. Mimi nipo."

Alinitazama sana. "Basi endelea wewe. Tulipoishia."

Mimi ni wa darasa la saba. Mbele ya watu sijawahi kuomba hata kwa chakula. Nikapiga magoti, tumbo likanizuia, nikakaa chini ubavuni pa kitanda. Nikasema, "Baba, tulipoishia jana," halafu sikukumbuka tulipoishia. Nikaanza kutaja tu. Mwamba. Muhogo uliokauka na ule wa mvua. Ng'ombe. Chrispin na taa zake. Mtoto alinipiga teke, Nyamburi akaweka mkono wake juu ya tumbo langu, nikamtaja na huyo. Nikafika kwa binti wa Werema na gauni lake lenye mayai. Hapo mkono ukawa mzito. Nikadhani amesinzia. Nikaendelea, nikataja kila nyumba ya kijiji kuanzia kwa Hilda mpaka ya mwisho njiani, na nilipofika ya Mchungaji ndipo nilipojua kwamba naendelea peke yangu.

Sikusema amina. Alikataza.

Jua lilikuwa bado halijazama Mchungaji aliporudi. Aliona watu uani, akajua. Hakuniuliza amekufaje. Aliuliza, "Aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Mlimjibuje?"

"Nilimwambia hujafika."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaifunika sura yake kwa kofia, akalia kama watu wanavyolia kwao, siyo kama mchungaji. Wanawake waliokuwa wanamwogopa wakamzunguka. Hilda akamletea maji.

Kaburini alikuja kila mtu. Mchungaji akaanza, "Baba, tulipoishia," akaomba, akanyamaza. Tulisimama. Amina ilikuwa imejaa midomoni mwetu kama maji ya kusukutua.

"Alinikataza," akasema.

Hilda akatoa sauti, sikujua ni kilio au kicheko, halafu wote tukawa hivyo, tunafuta macho na tunacheka, hata Chrispin aliyekuwa ameshika jembe. Vicheko vilipoisha Werema akasema, polepole, kama mtu anayehesabu vidole, "Basi huyu amekufa bila amina."

Ilisikika mpaka kwa waliosimama nyuma.

Asubuhi yake njia ya kwa Mchungaji haikuwa na miiba. Nani aliitoa, hakusema mtu. Mimi niliona tu mikono ya Werema alipokuja kutusaidia kufungua turubai la msiba. Ilikuwa imechanika chanika.

Nilijifungua wiki ya tatu baada ya mazishi, mtoto wa kike. Tukampa jina la bibi yake. Mchungaji alipita njiani, akavua kofia, akauliza hali kutoka mbali. Hakuomba kuingia. Nilimwona anapotaka kupanda baiskeli, nikamfunga mtoto kwenye kitenge, nikatoka.

"Mama Lilian," Hilda akaniita kutoka kwenye dagaa, "huyo mtoto hajafikisha hata siku arobaini."

Nilimsikia. Nikampa Mchungaji mtoto. Kofia ikaanguka chini, hakuiokota.

"Baba," akasema, "tulipoishia." Akaomba kidogo tu. Akafika mwisho, akaniangalia.

"Sema tu, Mchungaji," nikamwambia. "Huyu hajakataza."

Akaisema kwa sauti ya chini. Mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala.

Tulikuwa bado tumesimama pale Werema alipokuja. Alisimama ng'ambo ya njia, karibu na mwamba, akikwangua kitu kwa kidole cha mguu.

"Mchungaji. Mama yangu anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Kidogo tu. Anakula, anatembea, asubuhi amenitukana vizuri." Akaangalia pembeni. "Nimeona nikuambie mapema."

Mchungaji alinirudishia mtoto, akaokota kofia, akaipangusa. Akageuza baiskeli kuelekea kwa Werema, wakaenda wakiisukuma pamoja, mnyororo unalia kwii kwii mbele ya wanawake wote wa dagaa.

Hilda akainuka, mkono shavuni. "Ukirudi upite na kwangu, Mchungaji," akaita. "Bado nina lile jino."