Kafuri ya Baba Mdogo

Nikinusa kafuri, hata dukani huku Miyuji, nasimama palepale. Narudi Kondoa, uani kwa Bibi, siku jeshi lilipomleta baba mdogo Hamisi, luteni aliyeuawa vitani nje ya nchi.

Bibi alikuwa ameandaa kila kitu: sanda, pamba, na kafuri aliyoitwanga mwenyewe. Kumwosha ilikuwa kazi ya wanaume, hilo alilijua. Yeye alitaka jambo moja tu, amwone mwanawe uso kabla sanda haijafungwa, kama mama yeyote wa kwetu.

Sanduku lilishushwa likiwa limepigwa misumari, bendera juu yake. Kapteni aliyeongoza msafara, kijana mwenye viatu vilivyong'aa hata vumbi letu likaviogopa, alipiga saluti.

"Shikamoo, mama. Amri ni kwamba lisifunguliwe."

"Huyo aliyetoa amri ndiye aliyemzaa?"

Wanaume walilibeba wakaenda nalo makaburini, sisi wanawake tukabaki uani na sufuria la maji yaliyokuwa yakipoa.

Kisha risasi zikalia. Kuku walikimbilia uvunguni. Bibi alijishika kifua.

"Wanampiga tena?"

Mimi, mwenye miaka tisa na ujuaji wa kutosha mtaa mzima, nikamwelimisha: "Siyo, Bibi. Wanampa heshima." Nilijivunia kabisa. Hakuna mwenzangu shuleni aliyewahi kufiwa kwa kishindo namna ile.

Waliporudi, kapteni alimkabidhi Bibi bendera iliyokunjwa vizuri, akapiga saluti. Bibi aliikunjua yote, akaikung'uta, akaigeuza, akaikung'uta tena.

"Hamna kitu," alisema.

Kapteni alikuwa bado amepiga saluti, jasho likimtiririka, asijue ashushe mkono lini.

Tangu hapo, kila lori la jeshi lilipopita kuelekea Babati, Bibi aliacha alichokishika, hata uji uungue jikoni, akakimbilia barabarani. Sisi watoto tulicheka. Tulisema Bibi analipenda jeshi.

Mwaka jana tulimwosha yeye, kwa kafuri ileile aliyokuwa ameifungia kwenye kopo miaka yote. Nilimfunua uso, wanawe wakapita wakamtazama, wakalia, wakakubali kwamba mama amekwenda. Dakika chache tu. Hicho ndicho alichonyimwa, na aliyemnyima sijamsamehe hadi leo.

Ndipo nilipoyaelewa yale malori. Bibi alikuwa akikagua nyuso za vijana waliokaa nyuma, mmoja baada ya mwingine, mpaka vumbi liwafunike.