Siku Niliyovua Viatu Ewuaso Kedong

Wacha nianze na ile sehemu mbaya, tuimalize mapema: mimi, fundi wa stima mwenye uzoefu wa miaka kumi na nane, nilipiga nduru na kurushwa kwa matope nikiwa miguu mitupu, mchana kweupe, mbele ya kikundi kizima cha akina mama, waume zao, kwaya na mifugo, na stima iliyonirusha nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Nimejaribu kutafuta mtu mwingine wa kulaumu. Sijapata.

Naitwa Wekesa. Kwetu ni Bungoma lakini nimepanga Noonkopir, hapa Kitengela, na ukitoka kwangu kwenda barabara ya Namanga utapita ploti nyingi ambazo waya zilizo ndani ya kuta ni kazi yangu. Nadhani hapo ndipo shida ilianzia. Mtu akifanya kitu miaka mingi bila kuungua anafikiria ni ujuzi, kumbe siku zingine ni bahati tu imemshika mkono.

Kazi yenyewe ilitoka kwa kikundi cha akina mama wa upande wa Ewuaso Kedong. Walikuwa wamechimba kisima kirefu na sasa walitaka pampu ya stima, kwa sababu kufuata maji na punda kulikuwa kumewamaliza. Mwenyekiti wao ni Mama Nashipae, mama mrefu wa maneno machache. Kwa kikao cha kwanza alikuwa amealika pia Injinia Njeri, injinia wa stima anayeishi Kitengela kama mimi, na huyo ndiye aliyeniambia, kwa heshima kabisa:

"Fundi, kabla hujanunua waya, nipe siku mbili. Nipime udongo, nipige hesabu ya umbali kutoka kwa transfoma, tujue kebo itakuwa ya unene gani, na tujue stima ikivuja itaenda wapi."

Nami nikamjibu, "Injinia, nimefunga stima nusu ya Kitengela na sijawahi kuuliza udongo maoni yake."

Akina mama wakacheka. (Kicheko cha watu wengi ni kitu kibaya sana, kinakupa digrii ambayo hukusomea.) Mama Nashipae hakucheka. Aliniuliza tu, "Wekesa, uko na hakika?" Nikasema niko na hakika kabisa, na kwa vile siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa kanisani, wakaniachia kazi.

Sasa, kuna ile fimbo ya shaba tunayopigilia ardhini karibu na mtambo, kazi yake ni kupeleka chini stima yoyote iliyopotea njia kabla haijampata mtu. Hiyo fimbo nilianza kuipiga nyundo asubuhi moja, ikaingia kama urefu wa mkono wangu, ikagonga mwamba. Nikahamia upande wa pili, mwamba. Jua lilikuwa kali, mkono unauma, na hapo nikafanya ule uamuzi mdogo ambao nauona hata sasa nikifunga macho: nilichukua msumeno nikakata kipande kilichobaki juu, nikafunikia na mchanga vizuri, na mtu akiangalia anaona waya unaingia ardhini na anaamini fimbo yote iko huko. Hata mimi kufikia jioni nilikuwa naamini.

Siku ya ufunguzi nilifika mapema kujaribu pampu. Nikiwasha, inanguruma sekunde mbili, halafu ile swichi ya usalama, ile inayokata stima ikihisi kuna inayovuja, inajizima. Narudisha, inajizima tena. Mara ya nne nikasikia gari la kwaya linafika. Nikajiambia swichi ni mbovu (nilikuwa nimeitoa kwa boksi mpya siku hiyo hiyo), nikaunganisha waya moja kwa moja nikaipita kabisa, pampu ikanguruma bila kusimama, na maji yakaanza kumwagika kwa lile karai refu la mabati la kunyweshea mifugo. Watu wakapiga vigelegele. Wamama wawili wakanivisha shanga shingoni. Nikajiona mkubwa.

Mpango ulikuwa hivi: pasta aombe, ng'ombe wanywe kwanza, halafu watoto wakitoka shule wafungue mifereji wachote. Pasta akaomba. Wakaleta ng'ombe wa Mama Nashipae, mmoja mwekundu mbele, mwenye kiu ya kutosha, akaja mbio mpaka karai, akashusha mdomo, akagusa maji, akaruka nyuma kama amechapwa. Wakamrudisha. Akagusa, akaruka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakukaribia hata, alisimama mbali akiangalia.

Mzee mmoja akasema, "Torrono," yaani ni mbaya, na hilo neno likapita kwa watu haraka sana. Maji yana chumvi. Maji yana dawa. Fundi amemwaga mafuta ya mashine kisimani. Mimi na shanga zangu nikaona heshima inaondoka, nikachukua kikombe, nikakinga kwa bomba, nikanywa chote mbele yao.

"Maji ni tamu!" nikasema. "Ni ng'ombe hawajazoea!"

Mama Nashipae akaja polepole mpaka mbele yangu. Akaangalia buti zangu za mpira, akaangalia yule ng'ombe, akaangalia tena buti.

"Ng'ombe wangu hana viatu," akasema. "Vua vyako, halafu uguse maji."

Hapo mtu mwenye akili angesimama kidogo afikirie. Mimi nilivua. Nilivua hata soksi, nikakunja suruali, nikatembea kwa matope nikitabasamu. Kwa pembe ya jicho nilimwona Injinia Njeri, ambaye naye alikuwa amealikwa, ameinuka kwenye kiti cha wageni, anapunga mikono, anasema kitu, lakini kwaya ilikuwa imeanza wimbo kwa kipaza sauti na sikumsikia (na nikuambie ukweli, nilidhani ni wivu). Nikaweka kiganja kwa karai.

Siwezi kueleza vizuri kilichofuata. Nasikia nilipiga nduru ya sauti nyembamba. Mkono wote mpaka begani ulikuwa kama si wangu, na miguu ikanirusha nyuma nikaangukia matope na mgongo. Injinia alikuwa ameshafika kwa boksi ya swichi na kuzima kila kitu. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Mama Nashipae akachutama kando yangu. "Unapumua?"

"Napumua."

"Basi simama uwaambie."

Nilisimama nikiwa na tope mpaka kwa nywele, nikawaambia yote, juu ya msumeno na swichi niliyoipita, naye akawatafsiria kwa Kimaa wale wazee sentensi baada ya sentensi, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Hakuna aliyenitukana. Wamama waliangalia tu ile mifereji ya watoto, halafu wakaangalia saa, na mimi nikajua wanahesabu dakika zilizobaki watoto watoke shule.

Injinia alichukua zile siku zake mbili, na nilimbebea vyombo. Kiungo kimoja cha waya ndani ya kisima nilikuwa sijakiziba vizuri, kikawa kinavuja kwa maji, na stima ikakosa pa kuingia kwa sababu mwamba ule hauipokei, ikabaki kwa mabomba na mabati, ikingoja yeyote asiye na buti za mpira kama zangu. Kebo nayo ilikuwa nyembamba kwa ule umbali. Pampu ingeungua kabla ya mvua ya pili. Tulizika fimbo kadhaa chini kwenye udongo mzuri wa bonde, tukaziunganisha, tukabadilisha kebo, tukarudisha swichi. Injinia hakuniambia hata mara moja kwamba alinionya. Ingekuwa afadhali angesema.

Ufunguzi wa pili haukuwa na kwaya. Ng'ombe mwekundu alinusa maji muda mrefu, akanywa, akaendelea kunywa.

Mimi nimeapa: kazi yoyote kubwa kuliko nyumba ya kupanga, sigusi koleo kabla mwenye kujua hajapima na kupiga hesabu, na swichi ikijizima naiamini kuliko ninavyojiamini. Habari ilifika Kitengela kabla yangu, kwa hivyo mpaka leo kuna mafundi wenzangu wakiniona wanainua mguu mmoja na kupiga kelele. Nawaacha wacheke. Mkasa wa stima unachekesha tu kama hakuna aliyezikwa.