Nilivyotubu Ndoto Yangu Westlands

Wasomaji, nisameheni kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane.

Nilikuwa nauza vitabu vikuukuu kwenye kibanda cha Mama Ciru, Ngara. Hapo nilianza kusoma kitabu cha daktari mmoja wa zamani wa Ulaya, mchunguzi wa ndoto. Aliandika kwamba kila ndoto ni tamaa iliyofichwa moyoni. Nilishtuka sana, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimeota tukimzika Mama Ciru.

Sisi tuliookoka hutubu mbele ya watu. Niliona haya kanisani kwetu, kwa hivyo Jumapili nikaenda kanisa moja la Westlands ambako hakuna anayenijua. Nikasimama, nikasema:

“Ndugu zangu, namtakia mwajiri wangu kifo, na mwenyewe sikujua.”

Watu wakaguna. Mchungaji akamwita mama mgeni aliyekuja kuhubiri, aniombee. Akainuka Mama Ciru.

Aliniwekea mkono kichwani, akaninong’oneza, “Fumba macho, kijana. Kumbe hiyo chai unayonipikia kila asubuhi huwa unatia nini?”

Sijarudi kibandani tangu siku hiyo. Tafadhali niandikieni: nirudi, au nitafute kazi nyingine?